Maji ya Kuoshea Bomba

Huko Lupiro, katika Bonde la Kilombero, kijana amemaliza kupulizia magugu kwenye mpunga. Bomba tupu mgongoni, linanuka dawa. Mfereji uko hatua tatu tu. Kuchovya na kusuuza ni dakika moja. Yeye anachota ndoo, anatembea hadi kwenye nyasi kavu, anaoshea huko. Ukimuuliza, anajibu: kule chini kuna watu wanavua perege.

Bonde hili liliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2002. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Vizuri. Ila nani atakwenda kupima na futi kamba alfajiri?

Kinachomtembeza yule kijana si faini. Ni kumwonea haya mtu asiyemwona. Na watu hao ni wengi: Mto Kilombero ukikutana na Mto Luwegu ndio Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Ndiyo yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115.

Hapa naudhika kidogo. Sisi wa mjini tunaowasha taa na kula wali wa Ifakara tunamhubiria mkulima uadilifu, na hatumlipi hata shilingi kwa kipande alichokiacha bila kulima kando ya mto. Kwake kipande hicho ni ada ya mtoto.

Kijana amejitwika bomba tena, anaelekea shamba la jirani. Huko analipwa kwa idadi ya mabomba.