Betri ya Gari la Umeme na Dhamana ya Mtengenezaji

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Arusha)



Magari ya umeme si hadithi tena mkoani Arusha. Tangu mwaka 2018 yapo magari ya watalii yanayokwenda kwa betri badala ya dizeli. Chama kinachofikiria kununua gari la namna hiyo ili kuteremsha maziwa au ndizi kutoka Nkoaranga na Poli hadi mjini hakina budi kujua kwamba betri huchakaa hata gari likiwa limeegeshwa.

Joto ndilo adui wake mkubwa. Hewa ya Meru ni nafuu. Huko Phoenix, Marekani, mwaka 2012, wenye magari ya Nissan Leaf, ambayo betri yake haipozwi kwa maji, waliona uwezo wake ukishuka upesi. Dhamana yao haikugusa upungufu huo. Ni baada ya malalamiko ndipo kampuni ilipoahidi, kwa miaka 5 au maili 60,000, kuirekebisha betri iliyoshuka chini ya vijumba 9 kati ya 12 vya kipimo.

Siku hizi ahadi ya kawaida ni miaka 8 au kilomita 160,000, betri isishuke chini ya asilimia 70. Maneno ni matamu, lakini yapigiwe hesabu. Gari la chama likienda kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, humaliza kilomita hizo kwa miaka mitatu na nusu hivi. Miaka 8 imekwenda wapi? Tena betri yenye asilimia 71 haina madai, ijapokuwa safari ya kilomita 200 imekuwa 142. Na kipimo kinachoamua huwa ni cha mtengenezaji mwenyewe: mdaiwa ndiye mshika mizani. Wakulima wa kahawa wanaifahamu mizani ya namna hiyo.

Kwa gari lililotumika kutoka Japani, dhamana mara nyingi hubaki huko huko.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoikusudia na kuutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo katibu aandike barua kabla ya kulipa, akitaja njia, mzigo na kilomita za kila siku. Adai pia kipimo cha betri siku ya makabidhiano, na nakala ikae jaladani. Mkataba wenye kifungu kinachofuta masharti ya sheria hiyo urudishwe kwenye Bodi kabla haujatiwa saini.