Kisulisuli Si Pepo, Ni Joto

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Robanda, Wilaya ya Serengeti)



Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimeungua, mchana saa saba tunaona nguzo ya vumbi inatembea. Inazunguka, inabeba majani, kisha inapotea. Hicho ndicho kisulisuli. Wengine huita chamchela. Watoto hukimbia wakisema ni pepo. Jamani, hebu tukitazame sawasawa.

Jua likichoma ardhi tupu, hewa ya chini hupata joto. Huwa nyepesi, hupanda juu kama moshi. Hewa nyingine hukimbilia pale kutoka kila upande, huku ikizunguka kidogo. Kadiri inavyobanwa katikati ndivyo inavyozidi mbio. Funga jiwe kwenye kamba, ulizungushe, kisha uifupishe kamba: jiwe litaenda kasi zaidi. Siri ni hiyo tu.

Kisulisuli kina kaka yake mkubwa, jina lake tonado. Huyu hatoki kwenye vumbi, huning'inia kutoka wingu zito la mvua na radi. Upepo wa chini ukienda huku na wa juu ukienda kule kwa kasi zaidi, hewa ya katikati hubingirika kama gogo. Hewa ya joto inayopanda hulisimamisha gogo hilo. Likiwa jembamba na kufika chini, hung'oa miti na nyumba. Marekani hupata tonado zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Kwetu ni nadra, ila wavuvi wa Ziwa Victoria huona bomba la upepo likishuka kutoka wingu hadi majini. Mvuvi akiliona asilisogelee, apige kasia kwenda mbali nalo.

Sasa, letu sisi. Kisulisuli hakimchukii mtu, lakini huweza kuokota kaa la moto uani na kulitupa juu ya paa la nyasi. Ghala la mtama la mwaka mzima likaisha hivi hivi! Basi ukimaliza kupika, zima moto kwa maji au udongo. Usichome shamba mchana wa jua kali. Bati lako lipigilie misumari ya kutosha.

Tena tupande miti, tuache na majani yafunike udongo. Ardhi tupu ndiyo mama wa kisulisuli.

Aliyejua hili leo, akamweleze jirani.