Klachi ya Pikipiki: Kabla ya Kununua na Kabla ya Kufungua



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya klachi peke yake. Tumeichagua kwa sababu dalili za uchakavu wake hufanana mno na dalili za kasoro ndogo ambazo marekebisho yake hayagharimu kitu. Mwendeshaji anayedaiwa hesabu ya jioni hana nafasi ya kupambanua. Injini ikinguruma pasipo mwendo kuongezeka, huambiwa klachi imeisha, naye hulipa.

Ndani ya injini mna sahani zilizopangwa kwa kupishana: moja ya msuguano, moja ya chuma tupu. Springi huzibana pamoja ili nguvu ya injini ifike kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, sahani huachana. Katika pikipiki nyingi za biashara, zote huoga katika oili ileile ya injini.

Basi anza na waya. Ncha ya mkono wa klachi yapasa kucheza kidogo kabla ya kuanza kukaza. Kwa pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20, ingawa mwamuzi ni kitabu cha pikipiki yako. Isipocheza kabisa, springi hazibani sawasawa, na sahani nzima huteleza kana kwamba zimekwisha. Kurekebisha ni kazi ya spana na dakika chache.

Kisha tazama oili. Baadhi ya oili za magari hutiwa viambato vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Gari la gia za mkono kwa kawaida lina klachi kavu, kwa hiyo halidhuriki. Kwenye pikipiki ni sawa na kumpaka sabuni mtu anayeshikana mieleka. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2. Alama ya JASO MB haikusudiwi klachi inayooga katika oili.

Hayo yakiwa sawa na pikipiki bado inateleza, hasa mlimani ukiwa na abiria, ndipo klachi ifunguliwe. Je, nyumbani? Twaona yawezekana, kwa mwenye kitabu, spana za kufaa na subira. Aliye na pikipiki mpya asome kwanza masharti ya dhamana. Katika aina fulani sahani hutoka mara springi zinapoondolewa. Katika nyingine sharti ifunguliwe pia nati ya katikati, nayo yataka kifaa maalumu cha kushikilia. Kuipiga kwa patasi na nyundo, jinsi tunavyoona mitaani, ni kununua hasara ya pili. Huna kifaa hicho? Mpelekee fundi aliye nacho.

Injini ipoe, na oili imwagwe katika chombo, si mtaroni. Boliti za kifuniko zichomekwe kwenye kadibodi kwa mpangilio wa matundu yake, kwa maana urefu wake huweza kutofautiana. Piga picha kwa simu kila hatua. Pima unene wa sahani za msuguano kwa kalipa, ulinganishe na kikomo cha kitabu. Sahani ya chuma iliyogeuka bluu imepata moto kupita kiasi. Ilaze juu ya kioo, na ikiyumba imepinda. Springi nazo zipimwe urefu, kwani sahani mpya chini ya springi zilizochoka zitateleza vilevile. Sahani mpya zilowekwe katika oili safi kabla ya kufungwa. Boliti za springi ni ndogo: zikazwe kidogo kidogo, kwa kuvuka, hadi kipimo cha kitabu. Mkono uliozoea nati za gurudumu huzikata. Gasketi ya kifuniko iwe mpya, na waya urekebishwe upya mwishoni.

Dukani, nenda na sahani ya zamani. Linganisha idadi, meno, upana na unene. Jina maarufu juu ya kasha si ushahidi wa kilichomo. Dai risiti inayotaja kipuri na aina ya pikipiki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini bila risiti hata kuthibitisha ni nani aliyekuuzia huwa vigumu.

Ukimpa fundi kazi, kubalianeni kabla hajaanza kwamba atakurudishia sahani za zamani. Ombi hilo likitolewa baada ya kazi huonekana kuwa tuhuma. Likitolewa kabla ni makubaliano, na fundi mwaminifu halimuudhi.

Sahani mpya zikiharibika mapema, usizitupe kwa hasira. Zitie katika mfuko pamoja na kasha, risiti na zile za zamani, kisha mwendee kwanza muuzaji. Asipokusikiliza, tuletee mfuko huo kama ulivyo, bila kufuta oili.