Nguo ya Gome: Tuliyoyaona Masaka na Tunayoyafanya Hapa Kwetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni, Mambasa



Mlitutuma tuende kuona namna wenzetu wa Uganda wanavyofanya kazi, na leo tumerudi kutoa hesabu. Tulishika njia ya Beni, tukavuka mpaka Kasindi, tukapita Kasese na Mbarara, hata tukafika upande wa Masaka. Huko tulikuta kazi moja ambayo sisi watu wa Ituri tunaijua tangu utoto, lakini hatukuitazama vizuri hata siku moja. Ni kazi ya nguo ya gome.

Waganda wanaiita lubugo. Inatoka katika mti wa mutuba, ambao watu wanaupanda karibu na nyumba, katikati ya migomba. Fundi anabandua gome wakati wa mvua, kisha analifunga shina kwa majani ya mgomba, kama mtu anavyofunga kidonda. Mti haufi. Gome jingine linaota, na mti mmoja unaweza kuvunwa kila mwaka hata miaka 40. Sisi tuliozoea mashimo, ambayo dhahabu ikiisha yanabaki maji na mbu, tulisimama mbele ya mti ule tukanyamaza.

Sasa kazi yenyewe. Gome linawekwa juu ya gogo, chini ya kibanda kisicho na kuta, lisikauke upesi. Fundi analipiga kwa nyundo za mti zenye mifereji: kwanza ile ya mifereji mipana, mwisho ile ya mifereji myembamba. Gome linapanuka, linakuwa laini, na likianikwa juani linapata rangi nyekundu kama udongo. Jioni tulitazama mikono ya fundi na mabega yake. Ndugu wachimbaji, mngemdhani mwenzenu anayetoka shimoni.

Kazi hiyo ina heshima kubwa. Nguo hiyo inavaliwa katika sherehe za Kabaka, inatumika katika mazishi, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa watu wote wa dunia. Lakini heshima haijazi chungu. Tulimwuliza fundi: bei anaipanga nani? Akatuonyesha barabara kwa kidole. Maana yake, ni mwenye gari anayekuja kununua. Mti ni wake, nyundo ni yake, jasho ni lake. Bei si yake.

Habari hiyo si mpya kwetu. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwalazimisha wazee wa inchi hii kulima pamba na mimea mingine, kazi ya lazima ya siku 60 kila mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku zikawa 120. Mkulima alitoa jasho, bei ikakatwa na wakubwa. Na leo mchimbaji anapeleka dhahabu yake kwa mnunuzi, na mizani hakuishika yeye.

Tungeweza kuishia hapo, tukawalaumu wageni, nanyi mkapiga makofi. Lakini mlitutuma tulete kweli, si makofi.

Nguo ya gome iko hapa hapa Mambasa. Bambuti wanaitengeneza tangu zamani za mababu: wanaume wanapiga gome, wanawake wanalichora kwa maji ya tunda la pori yaliyochanganywa na makaa. Nguo hizo zinatundikwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, nyingi bila jina la mama aliyezichora. Na sisi watu wa mji je? Mbuti akitoka porini na nguo yake, tunampa chumvi kidogo, tumbako kidogo, shati kuukuu, kisha tunasema ameenda zake na furaha. Bei hiyo ilipangwa na nani? Ni sisi. Siku hiyo sisi ndio wenye gari, sisi ndio wenye mizani. Wazee walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu mbele yenu.

La kwanza: anayenunua nguo ya gome aulize ilichukua siku ngapi, na alipe kila siku kama vile angetaka yeye alipwe siku yake ya shimoni. Mwenye nguo aseme bei kwanza.

La pili: jina la mama aliyechora liandikwe na lisafiri pamoja na nguo yake.

La tatu: kila kikundi cha wachimbaji kichange fedha, kinunue mizani yake, na dhahabu ipimwe mbele ya wote kabla haijapelekwa kwa mnunuzi. Mtu anayejua uzito wa mali yake ni vigumu kumdanganya.

Inchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Bei ya jasho letu bado iko mikononi mwa wengine, na bei ya jasho la Bambuti iko mikononi mwetu. Tuanze na ile iliyo mikononi mwetu, maana hiyo hatuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Mkutano ujao tutawaalika Bambuti waseme wenyewe. Viti vya mbele viwe vyao.