Dizeli au Petroli? Funzo la Moshi Uliofichwa kwa Mnunuzi wa Gari



Swali tunaloulizwa mara kwa mara na watu wanaojiandaa kununua gari ni fupi: tuchukue la dizeli au la petroli? Tutalijibu leo. Ila kabla ya kulijibu, hatuna budi kusimulia kisa kilichotokea Marekani na Ujerumani, kwa maana kisa hicho kilionyesha kwamba hata mnunuzi makini, aliyesoma kila karatasi aliyopewa dukani, anaweza kuuziwa kitu kisichokuwepo.

Tuanze na injini zenyewe. Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa, kisha plagi hutoa cheche ya kuuwasha mchanganyiko huo. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huishindilia hewa kwa nguvu nyingi mpaka ikapata joto kali, ndipo dizeli inaponyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa sababu ya mshindilio huo, na kwa kuwa lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli, gari la dizeli huenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha mafuta. Kwa kawaida hutumia lita pungufu kwa takriban asilimia 20 hadi 30, na huvuta mzigo bila kuhangaika.

Faida hiyo ina gharama yake. Ndani ya injini ya dizeli mna joto kali na hewa nyingi kupita ile inayohitajika kuunguza mafuta. Hali hiyo huzalisha oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha njia ya hewa, zinazomzidishia taabu mwenye pumu, na ambazo chini ya jua huchangia kutengeneza ozoni karibu na ardhi. Dizeli hutoa pia masizi, yaani chembechembe ndogo zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Gari la petroli lina kisafisha moshi ambacho huzivunja oksidi za nitrojeni kwa wepesi, kwa kuwa moshi wake hauna oksijeni nyingi iliyobaki. Katika dizeli oksijeni hiyo ipo, na kwa hiyo vinahitajika vifaa vya ziada: chujio la masizi, mtego wa gesi, au tangi la maji ya urea yanayonyunyiziwa kwenye moshi. Vifaa hivyo ni ghali, na hapo ndipo kishawishi kilipoanzia.

Kwa miaka mingi serikali za Ulaya zilitoza kodi nafuu kwa magari yenye kutoa hewa ya ukaa kidogo, na dizeli ikanufaika. Ilipofika mwaka 2011, zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa katika Umoja wa Ulaya yalikuwa ya dizeli. Marekani haikuwa na mazoea hayo, na sheria yake kuhusu oksidi za nitrojeni ilikuwa kali zaidi. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iliingia katika soko hilo na ahadi ya kuvutia: dizeli safi, yenye nguvu, isiyokula mafuta. Watu wengi waliojali mazingira waliyanunua magari hayo kwa sababu hiyo hasa.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walitoa matokeo ya upimaji ambao haukukusudia kumnasa mtu. Walifunga mitambo ya kupimia moshi nyuma ya magari matatu ya dizeli na kuyaendesha barabarani, mjini na milimani. Moja lilisafiri kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Volkswagen Jetta ilitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kikomo cha sheria, na Volkswagen Passat mara 5 hadi 20. Magari yayo hayo yalipopimwa kwenye maabara, yakiwa yamesimama juu ya magurudumu ya mashine, yalifaulu.

Wakaguzi wa California na wa serikali kuu ya Marekani walidai maelezo. Kampuni ilisema ni hitilafu ndogo, ikayaita magari kwa marekebisho, lakini vipimo vya mwaka 2015 vikaonyesha kuwa tatizo lingalipo. Mamlaka zilipotishia kutoidhinisha magari ya mwaka uliofuata, ukweli ulitamkwa. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani iliutangazia ulimwengu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ingawa hii ilichukua miaka kadhaa kufika mwisho.

Udanganyifu wenyewe ulikuwa ndani ya programu ya kompyuta inayoongoza injini. Programu hiyo iliangalia mkao wa usukani, mwendo wa gari, muda ambao injini imefanya kazi na kanieneo ya hewa. Gari linalopimwa maabara hufuata mwendo uliopangwa huku usukani ukiwa haugeuzwi. Programu ilipoitambua hali hiyo, iliviwasha vifaa vya kusafisha moshi kikamilifu. Gari liliporudi barabarani, vifaa vilipunguziwa kazi, na moshi ukatoka hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Ni sawa na mfanyabiashara mwenye mizani miwili: mmoja wa kumwonyesha mkaguzi na mwingine wa kumpimia mteja.

Magari yaliyohusika yalifikia takriban milioni 11 duniani, milioni 8.5 kati yake yakiwa Ulaya. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu tarehe 23 Septemba 2015. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 4.3. Na haikuwa kisa cha kwanza: mwaka 1998 watengenezaji wa injini kubwa za malori nchini Marekani walifikia makubaliano na serikali yaliyowagharimu zaidi ya dola bilioni moja kwa kosa linalofanana na hilo.

Sasa tuangalie yaliyompata mnunuzi. Nchini Marekani, makubaliano ya mwaka 2016 yaliwapa wenye magari haki ya kuyarudisha na kulipwa, au kuyarekebisha, pamoja na fidia. Ulaya, wanunuzi wengi walipewa marekebisho ya programu tu. Ujerumani ilibidi itunge utaratibu mpya, ulioanza Novemba 2018, unaouruhusu muungano wa watumiaji kufungua shauri moja kwa niaba ya wengi. Zaidi ya watu 400,000 walijiandikisha. Mwanzoni mwa 2020 takriban 260,000 kati yao walipewa nafasi ya kulipwa kati ya euro 1,350 na 6,257 kila mmoja, na mwezi Mei mwaka huohuo mahakama kuu ya rufaa ya Ujerumani iliamua kwamba mnunuzi aliyedanganywa anaweza kurudisha gari na kupewa fedha zake, baada ya kukatwa thamani ya matumizi. Gari ni lilelile na kosa ni lilelile. Tofauti ilikuwa katika sheria zinazomlinda mnunuzi, na katika utayari wa wanunuzi kusimama pamoja. Waliotunza mikataba na risiti zao walikuwa na cha kuonyesha.

Je, tuseme basi kwamba dizeli yenyewe ndiyo yenye hatia? Hapana. Katika upimaji uleule wa West Virginia, gari la tatu, la kampuni nyingine ya Kijerumani, lilibaki ndani ya kikomo kwa sehemu kubwa ya safari. Usafi uliwezekana, ulihitaji gharama ambayo Volkswagen haikutaka kuilipa. Tangu Septemba 2017 aina mpya za magari katika Umoja wa Ulaya hupimwa pia zikiwa barabarani, na dizeli zilizofuata mabadiliko hayo ni safi kuliko zile za kabla yake. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa na hali ya vifaa vya kusafishia moshi vina uzito mkubwa kuliko neno dizeli lililoandikwa nyuma ya gari.

Tukirudi kwenye swali letu, tunashauri hesabu kabla ya sifa. Tuchukue mfano. Gari la petroli linatumia lita 10 kwa kilomita 100, na mwenzake wa dizeli lita 8. Tuseme lita ya mafuta yote mawili ni shilingi 3,000, na gari la dizeli linauzwa ghali zaidi kwa shilingi 4,000,000. Katika kila kilomita 100 dizeli inakuokolea shilingi 6,000. Utaifidia tofauti ya bei baada ya kilomita 66,700 hivi. Mwenye kuendesha kilomita 4,000 kwa mwezi atafika hapo katika mwaka mmoja na nusu. Mwenye kuendesha kilomita 1,000 atasubiri zaidi ya miaka mitano. Weka bei za siku unayonunua badala ya hizi zetu, uongeze matengenezo: nozeli, pampu na tabo za dizeli ni ghali, na mafuta machafu huziharibu upesi.

Kwa mazingira vilevile, lita haitoshi kuwa kipimo. Lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, na ya petroli kilo 2.3. Katika mfano wetu, lita zimepungua kwa asilimia 20, lakini hewa ya ukaa imepungua kwa asilimia 6 tu.

Liko pia suala la safari zenyewe. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuyaunguza masizi, na huhitaji moshi wenye joto la safari ndefu. Gari linalotumika kupeleka watoto shule na kurudi halipati joto hilo. Chujio huziba, na kulibadilisha ni gharama kubwa. Kwa mwenye mizunguko mifupi ya mjini, petroli ndiyo chaguo la busara. Kwa mwenye kusafiri mikoani, kubeba mzigo au kuvuta tela, dizeli ingali na hoja nzito.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya habari hii kwa kuwa wengi wetu hununua magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Kati ya 2015 na 2018, kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje ya nchi zake, na asilimia 80 hivi yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Kabla ya kulipia, omba nambari ya chasi na uulize kwa wakala wa mtengenezaji kama gari hilo liliwahi kuitwa kwa marekebisho, na kama yalifanyika. Uliza kama lina chujio la masizi na kama linatumia maji ya urea, na kama maji hayo unaweza kuyapata unakoishi. Kumbuka pia kwamba magari mapya ya Ulaya yameundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza kutumika mwaka 2015 kiliruhusu hadi sehemu 50. Nunua mafuta kwenye kituo unachokiamini, na utunze risiti.

La mwisho ni gumu zaidi, kwa sababu linatuhusu wenyewe. Gari likianza kukosa nguvu, fundi anaweza kukushauri kuyatoa masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, au kulitoboa chujio na kuifuta taa ya onyo kwenye dashibodi. Gari litakwenda, na pengine litaonekana kuwa jepesi. Lakini hapo tutakuwa tumefanya kwa spana kile ambacho wahandisi wa Volkswagen walikifanya kwa programu, na watakaoulipia moshi huo ni mama lishe aliye kando ya barabara, kondakta anayening'inia mlangoni na mtoto anayesubiri kuvuka. Mwambie fundi atafute kwanza kilicholizibisha chujio: nozeli inayovuja, mafuta mabaya au safari fupi mno. Mwombe akuandikie alichokifanya, na vifaa vilivyotolewa akuonyeshe.

Udanganyifu ule uligunduliwa kwa sababu watu wachache walitaka kujua gari linafanya nini likiwa barabarani, mbali na maabara. Nasi tunaponunua, tuwe na udadisi huohuo. Tuliendeshe gari kabla ya kulipa, tuuangalie moshi wake likiwa limebeba mzigo na linapanda mlima, na tudai kila ahadi ya muuzaji iwe kwenye maandishi.