Kanuni Hutungwa kwa Sababu, na Zifutwe kwa Sababu



Tumeombwa kuzungumza juu ya kanuni za serikali: si sheria zinazopitishwa na Bunge, bali zile ambazo wizara huziandika kwa mamlaka iliyokabidhiwa na Bunge. Twajua mada hii huleta usingizi. Lakini baadhi yetu tulio mawakili tumesimama mahakamani na mama muuza mboga, ameshtakiwa kwa kuvunja kanuni ambayo hata karani hakuwa na nakala yake. Alitozwa faini siku iyo hiyo.

Tutazame kwanza Marekani, ambako mambo haya yamebishaniwa kwa miaka mingi. Tangu 1946, sheria ya huko huzitaka idara za serikali ya shirikisho zichapishe rasimu ya kanuni katika gazeti rasmi, zipokee maoni ya watu, ndipo zitoe kanuni yenyewe pamoja na maelezo ya msingi wake. Mwaka 1993 Rais Clinton aliagiza mipango ya kanuni itangazwe mapema, na zile nzito, zikiwemo zenye athari ya dola milioni 100 au zaidi kwa mwaka katika uchumi, zipimwe gharama na faida zake, kisha zikaguliwe na ofisi moja iliyo chini ya Rais.

Hiyo ndiyo kupanga na kukagua. Kupunguza ndiko kwenye vita. Januari 2017 Rais Trump aliagiza kwamba idara ikitaka kanuni moja mpya, itafute mbili za kufuta. Rais Biden alilitangua agizo hilo siku alipoapishwa, tarehe 20 Januari 2021. Trump aliporejea, tarehe 31 Januari 2025 alidai kumi kwa moja. Kwetu sisi, hesabu ya namna hii ni kama kupima afya ya mgonjwa kwa kuhesabu vidonge alivyotupa. Kanuni inayozuia sumu kumwagwa mtoni ni moja. Fomu isiyo na maana nayo ni moja.

Twapenda zaidi kisa kingine cha huko. Mwaka 1977 serikali iliamuru magari mapya yawekwe mifuko ya hewa au mikanda inayojifunga yenyewe, ili abiria wasife katika ajali. Mwaka 1981 serikali iliyofuata ikaifuta kanuni hiyo kabla haijaanza kutumika. Makampuni ya bima yakashtaki. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikasema idara haikutoa sababu za kutosha: iliona walakini katika mikanda, ikaitupa kanuni nzima pasipo hata kufikiri kuibakiza mifuko ya hewa peke yake. Anayefuta, basi, adaiwa maelezo sawasawa na anayetunga.

Hapa Kenya tunayo Sheria nambari 23 ya 2013. Kifungu cha 5 chataka wanaoguswa na kanuni washauriwe kabla haijatungwa. Kifungu cha 11 chataka ifikishwe Bungeni katika siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, isipofikishwa, hubatilika. Kifungu cha 21 huiua kanuni itimizapo miaka kumi, isipokuwa imeongezewa muda, na nyongeza hiyo haizidi miezi 12.

Hiki cha mwisho hutunyima usingizi. Wengi hukishangilia, kwa kuwa kanuni dhalimu haizeeki mikononi mwa afisa. Lakini ile inayomlinda mfanyakazi wa shambani nayo hufa siku yake ikifika, kimya kimya, na mwajiri ndiye wa kwanza kujua. Ni nani katika parokia zenu aliye na orodha ya kanuni zinazokaribia miaka kumi?

Tumeleta nakala za vifungu hivyo vitatu. Ni chache; tafadhali zichukuliwe moja kwa kila kanisa, na atakayechukua aandike jina lake kwa katibu, ili tukutane naye kabla ya mwisho wa mwezi kuianza orodha hiyo.