Nani Aliuuza Uhuru Wao?

Kitabu cha leo ni riwaya ya Mwingereza Aldous Huxley, Brave New World, iliyochapishwa mwaka 1932. Wengi waliokisoma, na wengi zaidi ambao hawajakisoma, hukieleza kwa kauli moja: ni habari za jamii iliyotoa uhuru wake ili ipate furaha. Kauli hiyo imezoeleka mno hata haiulizwi tena. Nadai kwamba ina kasoro, na kasoro yenyewe si ndogo. Anayetoa kitu sharti kwanza awe nacho. Humu ndani karibu watu wote hawakuwahi kuwa na uhuru wa kuutoa, wala hakuna aliyewauliza kama wangependa kubadilishana. Mauzo yalifanyika, hilo kweli, lakini muuzaji alikuwa mwingine, na Huxley anatuonyesha sura yake waziwazi.

Tazama riwaya inavyoanza. Hatukutanishwi na shujaa, tunatembezwa kiwandani. Tuko London, mwaka 632 wa kalenda inayohesabiwa tangu Henry Ford alipotoa gari lake la Model T, yaani 1908. Binadamu hawazaliwi tena, huanguliwa kutoka chupani. Yai moja huweza kuchipuzwa hadi mapacha 96. Kiinitete kilichopangiwa tabaka la chini kabisa, Epsilon, hupunguziwa oksijeni ili akili isikue. Kilichopangiwa kazi za nchi za joto huzoeshwa joto kingali chupani. Kisha watoto wa tabaka la Delta, wenye miezi minane tu, huwekewa vitabu vya picha na maua ya waridi. Wakishatambaa na kuvishika, ving'ora hulia na sakafu huwapiga shoti ya umeme, na zoezi hurudiwa tena na tena mpaka chuki imeota mizizi. Hawatagusa kitabu maisha yao yote, na hawatajua ni kwa nini. Sasa mtoto huyu alikubali lini? Katika hali gani alipima uhuru mkono mmoja na furaha mkono wa pili?

Atainuka mtu aseme: mtoto hakukubali, lakini mababu zake walikubali. Hoja hii ina nguvu, na katika kitabu inatolewa na Mustapha Mond mwenyewe, mmoja wa watawala kumi wa dunia hiyo. Kulikuwa na Vita vya Miaka Tisa, uchumi ukaporomoka, na watu waliochoshwa na mabomu walikuwa tayari kutawaliwa kwa lolote ilimradi walale kwa amani. Ni kweli, watu walioogopa hukubali mengi. Ila sura ya tatu, ambayo Huxley ameikatakata kwa makusudi hata msomaji wa haraka huipita juu juu, inataja mambo mawili ambayo Mond angependa yabaki hivyo hivyo, maneno ya kupita. Watu 800 waliotaka maisha ya kawaida waliuawa kwa bunduki za rashasha huko Golders Green, na wapenzi 2,000 wa utamaduni waliuawa kwa gesi katika jumba la makumbusho la Uingereza. Baada ya hapo ndipo watawala walipoona kwamba nguvu haifai, wakageukia chupa na mafunzo ya usingizini. Kizazi kinachosemwa kiliuza kilikuwa na wengi waliokataa, na waliokataa hawakuhesabiwa kwa kura.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Je, sote hatukulelewa? Hakuna aliyechagua lugha yake ya kwanza, dini ya wazazi wake, wala chakula alichozoeshwa utotoni. Tofauti iko wapi kati ya mama anayemwimbia mtoto na spika iliyo chini ya mto wa Delta? Iko katika kile kinachofuata. Mtoto anayelelewa na watu husikia sauti zinazogongana: baba anasema hivi, mwalimu anasema vile, jirani anawacheka wote wawili. Malezi yoyote, hata ya ukali, humwachia upenyo ambao siku moja anaweza kupita akayahoji. London ya Huxley imeuziba upenyo huo kabla mtu hajaweza kutembea, na anayeonekana kuutafuta, kama mhusika Bernard Marx mwanzoni, huhesabiwa mgonjwa na uvumi huenea kwamba chupa yake iliingia pombe kwa bahati mbaya.

Wapo watakaosema yote hayo si kitu, maadamu watu wana furaha. Hapa ndipo Huxley anapowapita wengi waliomwiga. Haishambulii furaha hiyo kutoka nje kwa mahubiri. Anaacha mwenye nayo ajisaliti. Kama watu hawa wameridhika hivyo, kwa nini vibarua hugawiwa vidonge vya dawa ya kulevya iitwayo soma kila wamalizapo kazi? Mwandishi mmoja wa nadharia ya biolojia anamletea Mond makala yake. Mond anaisoma, anaiona ni kazi ya kipaji, kisha anaamuru isichapishwe na mwandishi achungwe, kwa kuwa inaweza kuwafanya watu wa tabaka la juu waanze kudhani kwamba lengo la maisha liko mahali pengine. Katika sefu ya ofisi yake mna Biblia na vitabu vingine vya zamani ambavyo yeye huvisoma na wengine wamekatazwa. Furaha isiyoweza kustahimili makala moja ya biolojia haijajengwa juu ya mwamba. Hata mbele ya kifo hulindwa hivyo hivyo: Linda, mama yake John, kijana aliyekulia nje ya dola hiyo, anakufa hospitalini akiwa amelewa soma, huku mapacha wa miaka minane wakimzunguka kwa udadisi, wamepelekwa pale kuzoeshwa kifo. Hakuna mtu mbaya katika chumba kile. Nesi anaudhika tu kwa sababu kilio cha John kinaweza kuwaharibia watoto mafunzo yao.

Mond ana ushahidi wake, nao tuupime kwa haki. Anasimulia kwamba Alpha 22,000, watu wa akili nyingi kuliko wote, walipewa kisiwa cha Cyprus wajitawale. Haikupita miaka sita wakapigana wenyewe kwa wenyewe, 19,000 wakafa, na waliobaki wakawaomba watawala warudi. Inatisha, lakini inathibitisha nini? Hao hawakuwa binadamu waliopewa uhuru. Walikuwa mali ya kiwanda kilekile, wamefundishwa tangu chupani kwamba kazi duni ni ya wengine, kisha wakapelekwa mahali ambapo wengine hao hawapo. Jaribio hilo lilipima ubora wa bidhaa. Kulitumia kama hukumu dhidi ya uhuru ni ujanja, na nadhani Huxley alitaka tuugundue.

Basi ni nani aliyechagua kwa macho yaliyo wazi? Mond. Katika ujana wake alikuwa mwanafizikia hodari, akapewa njia mbili: apelekwe uhamishoni kisiwani aendelee na sayansi yake, au aiache na aingie katika baraza la watawala. Akaiacha, na anakiri kwamba bado inamuuma. Yeye alitoa uhuru wake, halafu akautoa na wa mamilioni ambao hawakuwepo mezani. Mwingine ni Helmholtz Watson, mtunzi aliyechoka kutunga vijisentensi vya mafunzo. Akiulizwa anataka kisiwa gani, anaomba chenye upepo na dhoruba, anaamini ataandika vizuri zaidi huko. Wasomaji wa Shaaban Robert watakumbuka Kusadikika, ambako wajumbe waliorudi na maarifa walitiwa gerezani. Huxley anamtuma msumbufu kisiwani kwa upole, na Mond anasema hata anamwonea wivu. Adhabu na tuzo vimekuwa kitu kimoja, na hapo mtawala amekiri zaidi kuliko ambavyo angekiri mahakamani.

John, aliyejifunza maisha kwa Shakespeare, naye anaomba kwenda kisiwani. Mond anakataa, eti anataka jaribio liendelee. John anakimbilia mnara wa taa, anajipiga mijeledi, na mwishowe anajinyonga. Wanaosema kwamba yeye ni wakili dhaifu wa uhuru wana haki. Huxley mwenyewe aliandika katika utangulizi wa mwaka 1946 kwamba alimpa njia mbili tu, zote za wazimu, ilhali ingefaa iwepo pia jumuiya ya watu huru na timamu. Mimi naona kasoro hiyo imekisaidia kitabu, kwa sababu inazuia tusijifariji kwa kushangilia upande wa pili. Riwaya ina sura 18. Usiye na muda, soma ya 16 na ya 17, mazungumzo ya Mond na wageni wake, lakini usizifikie kabla ya kuisoma ya tatu polepole na kuwahesabu wale waliouawa.